Baba wa Katuni na Baba wa Nyumbani

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kianda, Kibera

Tunajua Jumamosi mchana ni wakati wa kufua na wa kuuza, na kuna waliofunga vioski vyao ili waje hapa. Kwa hiyo hatutazunguka sana.

Mlituomba tuje tuseme juu ya malezi ya watoto. Sisi tumekuja kusema juu ya katuni. Ngojeni, msicheke bado.

Jambo lilianza hivi. Wiki sita zilizopita, katika ploti moja ya hapa chini kuelekea reli, watoto walijikusanya jioni kwenye simu moja. Walikuwa wanatazama katuni ya baba mnene na watoto wake watundu. Watoto wamepaka ngazi sabuni. Baba anapanda, anateleza, ndoo ya rangi inamfunika kichwa, anakimbia hajui aendako, anagonga ukuta, na ukuta unabaki na tundu lenye umbo lake, tumbo na yote. Watoto wa ploti wakacheka mpaka wakalala chini.

Halafu mtoto mmoja wa miaka tisa akasimama. Akavaa gambuti za baba yake zilizokuwa kando ya mlango, akaanza kuigiza. Hakumwigiza yule baba wa katuni. Alimwigiza baba yake mwenyewe anavyorudi kutoka kutafuta kibarua: anavyoburuta miguu, anavyosimama mlangoni na kukohoa, anavyouliza, "Leo kuna nini?" Akabadilisha sauti, akawa mama: "Wewe umeleta nini?" Majirani waliokuwa wakipika nje wakacheka. Mama yake akacheka pia. Kumbe mzee mwenyewe amesimama nyuma yao.

Mkono wa kulia wa mtoto ulivunjika. Mama yake alitueleza kwamba mzee hakusema neno hata moja alipokuwa anampiga, na ndiyo sababu majirani walichelewa kuingia.

Huyu baba wengi wenu mnamjua. Amekubali tuiseme habari hii bila kutaja jina, na tunamshukuru kwa hilo. Si mlevi. Wiki ile alikuwa ametembea kwa miguu kando ya reli mpaka Eneo la Viwanda, akarudi kwa miguu, siku nne mfululizo bila kuitwa kazini. Wazee wa kikundi walipomkalisha chini na kumwuliza kwa nini, alijibu: "Walikuwa wananicheka ndani ya nyumba ninayolipia kodi mimi."

Basi, baada ya hapo akina mama kadhaa walitujia wakisema katuni zipigwe marufuku, ati zinafundisha watoto dharau. Tuliwaambia tutafikiri. Tumefikiri, na hatukubaliani nao. Tutawaeleza sababu.

Sisi tulio na miaka arobaini na kitu hatukulelewa bila baba wa kuchekesha. Mnamkumbuka Juha Kalulu? Edward Gitau alianza kumchora miaka ya 1950, na kwa miongo mingi tukamsoma katika Taifa Leo. Wengine hatukununua gazeti hata siku moja. Tulimsomea kwa kinyozi, au kwenye karatasi iliyofungia mandazi, na mafuta yamempaka uso. Juha ni mtu mzima anayetaka kufanya jambo jema, nalo linamgeukia. Jina lenyewe linasema. Hakuna mzee aliyechoma gazeti kwa sababu Juha ni mtu mzima na watoto wanamcheka.

Na Vitimbi je? Ilipotangazwa na Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 ikawa KBC, ploti nzima ilikuwa inabanana mbele ya televisheni moja ya betri ya gari. Mzee Ojwang' alikuwa akipanga hila kubwa kubwa, na mwisho anatumbukia mwenyewe, naye Mama Kayai amesimama pale anamtazama. Mchezaji wake, Benson Wanjau, alipofariki tarehe 12 Julai 2015, watu wazima walilia kana kwamba wamefiwa na mjomba. Tujiulize: mtu tuliyemcheka miaka yote hiyo, mbona tulimlilia? Kama kucheka ni kudharau, tungefurahi ameondoka.

Wenzetu wa Tanzania nao walikuwa na Madenge, mtoto mtundu wa gazeti la Sani la Dar es Salaam. Kwa hiyo tusidhani utundu wa watoto uliletwa na simu.

Sasa tuangalie kidogo jinsi vichekesho hivi vya kuanguka na kugongana vinavyofanya kazi. Katika katuni, mtu anaangukiwa na jiwe anakuwa bapa kama chapati, halafu picha inayofuata amesimama mzima. Hakuna hospitali katika katuni, wala hakuna bili. Tom na Jerry wamepigana tangu mwaka 1940 na hakuna aliyezikwa. Mtoto wa miaka tisa anajua hilo, usimfanye mjinga. Anajua ukuta wa kweli hauachi tundu lenye umbo la baba. Anacheka kwa sababu anajua hakuna aliyeumia.

Lakini kuna katuni na katuni. Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu ndipo tulipopata la kujifunza.

Katuni moja ya zamani sana ya aina hii ilianza mwaka 1897 katika gazeti la New York, Marekani. Aliyeichora, Rudolph Dirks, alikuwa mzaliwa wa Ujerumani. Wahusika ni watoto wawili, Hans na Fritz, pamoja na mama yao na mzee mmoja anayeitwa Kapteni. Kapteni si baba yao wa damu, ila ndiye anayekaa katika nafasi ya baba. Watoto wanamtegea baruti, wanamwekea mitego, yeye analala, analipuka. Na mwisho? Mara nyingi sana mwisho ulikuwa mmoja: fimbo. Watoto wamelazwa magotini wanachapwa. Wiki ijayo wanaanza upya. Katuni hiyo iliendelea mpaka mwaka 2006, yaani zaidi ya miaka mia moja ya kuchapwa, na Hans na Fritz hawakubadilika hata kidogo. Mtu anayesema fimbo hufundisha na awatazame hao wawili.

Dirks mwenyewe alifuata kitabu cha Wilhelm Busch cha mwaka 1865, cha watoto wawili watundu, Max na Moritz. Hao adhabu yao ilizidi: walisagwa kinuni kama mahindi, wakaliwa na bata. Tulipowasimulia watoto wa kikundi habari hiyo walifurahi ajabu. Akina mama walishika vichwa.

Ujerumani hiyo hiyo ilitoa katuni nyingine, na hii tumekuja na kitabu chake. Mgeni mmoja alituachia miaka mingi iliyopita, kimekaa kabatini ofisini kikila vumbi. Jina lake ni "Baba na Mwana". Kina baba mnene mwenye upara na masharubu mazito, na mwanawe mdogo mwenye nywele zilizosimama. Picha karibu zote hazina maneno. Mama ambaye hakusoma anaielewa sawasawa na mwalimu mkuu, na pengine upesi zaidi. Wale waliopitia mafunzo ya DELTA, ambayo Anne Hope na Sally Timmel waliyaanzisha hapa Kenya miaka ya 1970, watakumbuka tulivyofundishwa kuanza mkutano kwa picha isiyo na maneno, ili kila mtu aseme anachokiona kabla ya mwalimu kusema anachokijua.

Tumefungua ukurasa mmoja. Tazameni na mpitishe nyuma. Chakula kiko mezani, mtoto hayupo. Baba anakwenda kumtafuta, anamkuta amelala sakafuni kwa tumbo, anasoma kitabu. Anamfukuza akale. Mtoto anarudi mezani, anaketi, anangoja. Sasa baba ndiye hayupo! Mtoto anakwenda kutazama. Baba amelala sakafuni kwa tumbo, anasoma kile kile kitabu.

Ukurasa mwingine, baba anamfanyia mtoto kazi ya shule. Mwalimu anaisoma, anakasirika, anamshika mtoto mkono mpaka nyumbani. Picha ya mwisho, mwalimu amemlaza baba magotini na anamchapa yeye, kwa kuwa ndiye aliyeandika! Mzee mmoja wa Gatwekera alipoiona picha hii alicheka mpaka akatoa miwani.

Mchoraji wake aliitwa Erich Ohser. Utawala wa Hitler ulimkataza kazi kwa sababu alikuwa amewachora wakubwa kwa dhihaka, basi akajificha nyuma ya jina e.o.plauen, Plauen ndio mji aliokulia. Alichora baba na mwana huyo kila wiki katika gazeti la Berlin kuanzia 1934 hadi 1937, akimtazama mtoto wake mwenyewe. Mwaka 1944 alikamatwa kwa sababu ya mizaha juu ya watawala aliyoisema nyumbani, jirani akasikia, akapeleka maneno. Alikufa gerezani mwezi wa Aprili mwaka huo, kabla ya kesi kusikilizwa. Kwa hiyo huyu hakuwa mtu aliyekuwa na maisha rahisi akapata nafasi ya kucheka. Alikuwa na hofu mlangoni kila siku, na bado alimchora baba anayelala sakafuni kusoma kitabu cha mtoto.

Tofauti ya katuni hizi mbili iko katika picha ya mwisho: nani ameshika fimbo, na nani anacheka pamoja na nani. Kapteni anachekwa, hacheki. Baba wa Ohser anaanguka na mtoto wake, na wanainuka pamoja.

Turudi Kianda. Wiki tatu baada ya lile jambo, tulifanya kikao katika chumba hiki hiki. Tuliwaomba watoto wa wanakikundi, wenye miaka saba hadi kumi na mitatu, wachore kwa makaa juu ya makatoni ya maziwa. Kichwa cha habari kilikuwa kimoja tu: Baba akirudi. Hatukuwaambia wachore baba mwema wala baba mbaya. Akina baba tuliwaita waje saa tisa, watazame, na kila mmoja ajaribu kujua yake ni ipi. Tulitegemea watatu au wanne. Walikuja kumi na mmoja, na wawili walikaa nje wakijifanya wanazungumza na fundi wa viatu.

Picha zilikuwa za kuchekesha kweli. Baba mmoja anatoka dirishani, na mtu wa kukusanya kodi anaingia mlangoni. Baba mwingine amelala, mdomo wazi, na nzi wameandikiwa namba moja mpaka sita. Mwingine ni viatu tu, vikubwa kama gari, na baba mdogo juu yake. Msichana mmoja alichora mlango. Mlango tu, umefungwa. Tulimwuliza baba yuko wapi, akasema bado hajarudi. Ni mwaka wa tatu.

Hapo chumba kilinyamaza kidogo, na inafaa tuseme wazi kwamba hatukujua la kufanya. Mama wa kikundi mmoja, ambaye hakusomea kazi hii hata siku moja, akamwambia, "Njoo ukae hapa karibu na mimi, umenichorea mlango mzuri." Kikao kikaendelea. Mkifanya jambo hili katika vikundi vyenu, kumbukeni nyumba nyingi hazina baba. Mtoto achore mjomba, babu, au mama ambaye ndiye baba. Na akichora mlango, msimsahihishe.

Yule mtoto wa mkono alikuwepo, na plasta yake. Alichora kwa mkono wa kushoto, mistari yote imepinda. Katika picha yake mtu ameanguka ndani ya mtaro. Mtungi wa maji umemkalia mgongoni, kofia inaelea, kiatu kimoja kiko juu ya paa la mabati, hatujui kilifikaje huko. Mtu mwenyewe haonekani ila miguu na mkono mmoja. Mkono huo uko juu kabisa, umenyooka kama mlingoti wa bendera, na umeshika pakiti ya unga.

Watu walicheka. Na sisi tulicheka, halafu tukageuka kumtazama baba yake, tumeogopa. Alisogea karibu na katoni ile, akainama, akakaa nayo muda mrefu. Kisha akasema, "Hiyo ni siku ya ile mvua. Unga haukulowa." Akanyamaza tena. "Nilidhani hakuna aliyeniona."

Tusiwadanganye kwamba siku hiyo mambo yalikwisha. Mtoto hakumkimbilia baba yake. Hata leo akiitwa kwa sauti kubwa anashtuka. Mama bado ana hasira, na ana haki. Kikundi kilitoa mkopo kutoka mfuko wa dharura kulipia hospitali, na mzee analipa kidogo kidogo kila Jumapili. Wazee pia walimweleza mbele ya watu kwamba Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 29, inakataza ukatili wa kila namna, hata ule unaofanywa faraghani, na adhabu ya viboko vilevile. Shuleni fimbo ilipigwa marufuku tangu 2001. Ikitokea tena, jirani yeyote anaweza kupiga 116, haina malipo, na hakuna atakayeitwa msaliti katika kikundi hiki. Mzee alisikia, akaitikia kwa kichwa.

Sasa akina mama, tuvumilieni kidogo, kwa maana hapa huenda mkatukasirikia. Mtu akianguka mtaroni na mtungi, tucheke, naye acheke. Lakini katika kile kichekesho cha gambuti, watoto na majirani hawakucheka kuanguka. Walicheka mfuko mtupu. Mtoto hakulitunga lile swali, "Wewe umeleta nini?" Alilisikia. Hatusemi kwamba mama ndiye aliyevunja mkono. Aliyevunja ni aliyepiga, na hilo haligawanywi. Tunasema tu kwamba mtoto alikuwa anasoma kitabu kilichokuwa wazi mbele yake. Juha Kalulu tunamcheka kwa vituko vyake. Mtu aliyekosa kazi siku nne hana kituko.

Na ninyi akina baba. Baba wa nyumba ya chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, hana mahali pa kuficha uso. Mke anamwona, watoto wanamwona, majirani wanasikia kupitia mabati. Kwa hiyo wengi huchagua kutocheka kabisa, uso wa jiwe kuanzia mlangoni, wakidhani hiyo ndiyo heshima. Mtoto akiona uso wa jiwe atauigiza tu, tena ni rahisi kuigiza. Kuna baba mmoja hapa Kianda, fundi wa viti, kila akirudi bila kitu anageuza mifuko yake nje mlangoni na kutembea kama bata mpaka kitandani. Watoto wake wanajua siku hiyo ni uji. Wanacheka, wanakunywa uji. Hakuna anayemwigiza kwa siri, kwa sababu yeye ameshajiigiza.

Mmoja wenu alituuliza asubuhi, je, mtoto akizidi utundu, asikanywe? Akanywe, tena sana. Aliyepaka ngazi sabuni aioshe ngazi, na sabuni iliyopotea aifanyie kazi. Hiyo ni adhabu anayoielewa. Wazee wa zamani walikuwa na namna nyingi za kumwaibisha mtoto bila kumgusa, na bibi zenu bado wanazijua, waulizeni.

Kwa vikundi vya Soweto, Raila na Lindi vilivyoomba kufanya kikao kama hiki: hamhitaji fedha. Makatoni ombeni dukani, makaa yako jikoni. Watoto wachore kwanza, wazazi wakiwa nje, na mzazi asisimame nyuma ya mtoto. Msitoe zawadi kwa picha nzuri, maana watoto wataanza kuchora ile mnayoipenda. Akina baba waingie wakati picha zimekwisha kutundikwa, na mtu mmoja mwenye busara akae karibu na yule mnayemwogopea. Kitabu cha Ohser tutawaazima, kila kikundi wiki mbili, ila tafadhali kirudi na kurasa zake zote. Ukurasa wa mwalimu anayemchapa baba umekwisha kutolewa mara moja na tukaurudisha kwa gundi.

Kikao kijacho hapa Kianda ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane. Safari hii akina baba ndio watakaochora, na watoto ndio watakaokisia. Yule mtoto alitolewa plasta Jumanne. Ametuuliza kama baba yake naye atachora kwa mkono wa kushoto, ili wawe sawa. Tumemwambia amwulize mwenyewe.